Walionyonya Pamoja

Wakili wa utetezi alikaa kwenye kigoda cha wateja, katikati ya vipande vya vitambaa, akamweleza mshonaji bila kuzunguka: mahakama inayosikiliza kesi ya mtoto wa dada yake haina mamlaka juu ya mtu aliyetenda uhalifu wa kivita kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Balaa ni cheti cha kuzaliwa. Dada yake mshonaji, kwa kuwa mwanawe alikuwa pande la mtoto, alimwongezea miaka mitatu ili aanze shule mapema. Sasa uongo ule unamnyonga huyo mwana.

"Mama mzazi hawamwamini," wakili alisema. "Lakini wewe ulimnyonyesha. Na wewe ndiye uliyefiwa."

Mshonaji akacheka kicheko kikavu. Jamani, kuna watu hawana haya! Kijana huyo ndiye aliyemwaga petroli kwenye ghala alimojificha binti yake. Wala hakani.

Jioni dada akaja, akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, sema ukweli tu."

"Leo ndiyo umeukumbuka ukweli, dada?"

Dada akaangua kilio. Mshonaji aliendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa ameshaamua: atasema amesahau. Nani atamlaumu?

Siku ya kesi kijana aliletwa na pingu, mabega mapana, ndevu zimemjaa. Ndevu zile zilimchoma mshonaji kuliko pingu zilivyomfurahisha. Kwa hiyo huyu amekua!

"Shikamoo, mama mdogo," kijana alisema kwa sauti ya chini. Askari akamkemea.

Mshonaji akampita, akapanda kizimba cha mashahidi.

"Shahidi," jaji aliuliza, "unakumbuka mshtakiwa alizaliwa lini?"

Alifungua mdomo aseme amesahau. Lakini akisahau siku aliyozaliwa huyu, amesahau na ya binti yake.

"Nakumbuka," alisema. "Alizaliwa wiki niliyojifungua binti yangu. Maziwa ya dada yalikataa kutoka, nikawapakata wote wawili, huyu kushoto, wangu kulia."

"Na ghala lilipochomwa, binti yako alikuwa na umri gani?"

"Kumi na mitano."

Wakili akafumba macho kwa nafuu. Dada akamkimbilia, akamshika mkono, akaanza kumbusu vidole.

Mshonaji akauchomoa mkono wake.

"Usinishukuru," alisema. "Nimesema umri wa wangu."