Samli Kwenye Shafti

Mzee Mseti alinunua boti ya rimoti mnadani, akatoa jogoo. Boti ya mtumba, nyekundu, urefu wake kama mkono wangu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wake alishakufa, ng'ombe wote wameishia kwenye mahari za watoto wake wa kiume, na watoto wenyewe wakahamia Ringwani na wake zao. Sasa mzee anachunga plastiki.

Mimi sikucheka. Sio kwamba nina roho nzuri, sikuwa na wa kucheka naye. Shule niliachia darasa la sita, wenzangu wako kwenye mashimo ya dhahabu Matongo, nimebaki peke yangu hapa Nyarero na kibanda cha kutengeneza simu na redio. Kuna siku naijibu redio ya mteja.

Jumatatu akaja na boti kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Hii inakufa katikati ya lambo. Jana nimeifuata, maji mpaka hapa." Akaonyesha kifua. "Wachungaji wananiuliza kama naogesha ndama."

"Iache, uje kesho."

"Siiachi. Happy anakuja Jumamosi."

Happy ni binti yake, yuko Mwanza, anataka kumchukua akae naye. Mzee alimwambia kwenye simu haondoki, ana kazi lamboni kila asubuhi. Kazi gani bila ng'ombe? Ndiyo hii. Happy akaapa atakuja kuiona hiyo kazi. Boti ikifa mbele yake, mzee anapakiwa kwenye gari, na mimi narudi kuongea na redio.

Nikaifungua. Kile kidude cha kupokea mawimbi kilikuwa kimelowa. Nikakianika, nikakifunga kwenye nailoni, nikabana na mpira wa tyubu. Waya wa antena ulikuwa umekunjwa chini ya betri, nikaupitisha kwenye bomba la peni usimame juu. Halafu nikashika boti nikatembea nayo barabarani, yeye kabaki kibandani anabonyeza rimoti.

"Pangaboi inazunguka?" akapaza sauti.

"Inazunguka!"

"Na sasa?"

Mpaka kanisani inazunguka. Watu wanatuangalia kama wendawazimu.

Nikamfundisha: washa rimoti kwanza, ndiyo boti. Ukizima, boti kwanza. Igeuze mapema, betri ikiwa bado na nguvu. Akawa anarudia kwa vidole, kama anahesabu mifugo.

Jumanne mchana ilienda vizuri mpaka tukachoka sisi. Jumatano asubuhi, hatua kumi tu, mota ikaguna, ikasimama. Alhamisi mchana ikawa nzima. Ijumaa asubuhi imekufa tena, na kesho yake Happy anakuja.

"Umeigusa hii!" nikamfokea. Mzee mzima, nikamfokea.

"Sijaigusa. Naipaka tu."

"Unaipaka nini?"

Akatoa kikopo kwenye koti. Samli. Kila jioni alikuwa anaishindilia kwenye bomba la shafti, ile fimbo inayozungusha pangaboi, kama alivyokuwa anapaka kamba zake za ngozi zisikauke. Sasa baridi ya huku asubuhi unaijua. Samli inaganda kama mshumaa, shafti inabanwa, mota haina nguvu ya kuisukuma. Jua likiwaka, inayeyuka, boti inafufuka.

"Mzee, umeilisha mpaka imevimbiwa!"

Akaniangalia, halafu akacheka. Nikacheka na mimi. Tangu nijenge kile kibanda, hakijawahi kuwa na watu wawili wanacheka.

Nikachomoa shafti, nikaisafisha na petroli, nikaomba grisi kwa kijana wa bodaboda, nikapaka kidogo.

Jumamosi asubuhi, baridi ya kutosha. Happy amesimama kwenye tope la ng'ombe na viatu vyake vya mjini. Boti ikaenda mpaka ng'ambo, ikazunguka kisiki, ikarudi. Mara tatu. Mchungaji mmoja akapiga makofi. Mimi kifua mbele.

"Baba, kumbe haisumbui kabisa," Happy akasema.

"Haisumbui. Huyu mura ameitengeneza."

"Basi twende nayo. Kwangu ziwa liko hapo nyuma ya nyumba. Utaiendesha mpaka uchoke."

Mzee akanitazama. Alikuwa anatafuta ubaya wowote wa ile boti, aseme. Hakuupata. Na mimi nilitafuta, sikuupata.

Wakaondoka mchana. Kikopo cha samli akaniachia.

Sasa mwezi umepita. Nikikaa sana bila mteja nampigia.

"Mzee, shikamoo. Inazima?"

"Haizimi, mura."

"Hata asubuhi?"

"Hata asubuhi."

Halafu tunaagana. Jana ndiyo akaongeza kitu.

"Huku ni joto," akasema. "Hata ningeipaka samli, isingeganda."