Kichupa cha Yaliyopita

Nyumbani walimwita Daktari kabla hajawa daktari wa chochote. Kazini walimwita Dada Mkia, na hilo ndilo jina alilolitolea jasho. Mwaka mzima alikuwa akifuga bakteria wamtengenezee protini moja, na ili aipate katikati ya takataka zao, aliipachika mkia. Mkia huo hung'ang'ania shanga fulani za maabara kama mtoto aliyeshika gauni la mamake sokoni. Unamimina mchuzi wa bakteria kwenye mrija uliojaa shanga, protini inanasa, mengine yote yanapita chini, unayamwaga. Kazi imekwisha.

Ila Profesa hakuutaka mkia. "Kesho asubuhi nionyeshe protini isiyo na mkia," alisema, "la sivyo meza hiyo anakaa mwingine." Na Mama alishawatangazia majirani wote kwamba Daktari anamaliza mwaka huu.

Basi Dada Mkia akaleta mkasi. Si wa kushonea. Ni kimeng'enya kinachokata protini, tena chenye maringo, hakikati ovyo. Kinatafuta pahali pamoja tu, kiungo alichokiweka mwenyewe kwa makusudi kati ya mkia na mwili. Kikipaona, kinakata. Uzuri ni kwamba mkasi nao una mkia wake. Ukimimina vyote kwenye shanga tena, mikia inanasa, mkasi unanasa, na protini, maskini, haina tena cha kushikia, inajipitia zake. Kwa hiyo siku hiyo mambo yaligeuka juu chini: cha kutupa kilibaki, na cha kutunza kilipita.

Alikinga kichupa chini ya mrija, akakiandika YALIYOPITA, akakichomeka kwenye barafu. Simu ikalia. Alikuwa Mama. Dada Mkia akatoka kuipokelea ukumbini.

Mama na mdogo wake walikuwa hawasemeshani tangu sufuria kubwa ya Mama iazimwe na kurudi imetoboka. Huyo Mama Mdogo si wa mchezo. Siku moja alipita maabara kumsalimia Dada Mkia, akapitisha kidole juu ya friji, akakitazama kidole, kisha akamtazama fundi wa maabara. Fundi huyo waliyemwita Usafi, mtu anayefuta hata kitambaa cha kufutia, aliifuta friji ile mara tatu huku akimwamkia shikamoo kila mara.

"Leo nampigia nimwambie yote!" Mama alifoka. "Sufuria, na yale ya harusi ya kaka yako, na—"

Mtandao ulikuwa mbovu. Dada Mkia akapaza sauti mpaka madirisha yakasikia. "Mama! Yaliyopita tupa! Tupa kabisa! Ya nini kuyaweka?"

Ndani, Usafi alikuwa akipangusa meza kando ya barafu. Lile "mama" alilichukulia kama mshangao tu. Mengine aliyaelewa vizuri.

Dada Mkia aliporudi, simu bado sikioni, barafu ilikuwa na tundu tupu.

"Kichupa changu kiko wapi?"

"Cha yaliyopita? Si umesema nitupe kabisa? Nimetupa kabisa." Usafi alionyesha kwa fahari chupa ya taka, ile yenye dawa kali isiyobakiza kitu. "Na kichupa nimekiosha."

Dada Mkia aliketi sakafuni akalia, kilio cha kweli, chenye kamasi.

"Nisamehe, dada. Basi tusahau yali—"

"Usilitamke!"

Simuni Mama alikuwa bado anaongea. "Umenena, mwanangu. Nayatupa. Nampigia sasa hivi nimwambie yameisha."

Dada Mkia alimtazama Usafi, aliyekuwa amekunja kitambaa chake kifuani. Angemrukia, lakini ushauri ulikuwa wake mwenyewe, na ulikuwa bado wa moto. "Yameisha," alimwambia, meno yamebana.

Usafi akahema. "Basi huu mrija niuoshe?"

"Usiuguse!"

Shanga zilikuwa bado zimelowa. Maji yaliyokwama katikati yake yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakipita! Alidondoshea maji ya chumvi juu kidogo kidogo, chini akakinga matone. Hayakujaza hata nusu ya kichupa. Alichota tone moja akalipima kwenye jeli, ambamo kila protini huchora mstari wake na iliyo ndogo hushuka chini zaidi, na ukatokea mstari mwembamba, chini kidogo ya ule wa protini yenye mkia.

Asubuhi Profesa aliuinamia mstari ule mpaka miwani ikateleza puani. "Mkia umekatika," alisema. "Kaa mezani kwako."

Dada Mkia alimpigia Mama, lakini simu ilikuwa ikitumika. Mama na mdogo wake walikuwa wakiongea tangu alfajiri. Akachukua matone yaliyosalia, akafuta maandishi ya zamani kwenye kichupa, akaandika mapya kwa herufi kubwa, akakiweka kwenye friji.

Mchana Usafi alikuja na kitambaa chake kusafisha. Akafungua mlango, akanyoosha mkono kwenye kichupa, akasoma: MAMA MDOGO.

Mkono ukarudi wenyewe.

"Shikamoo," akasema, akafunga mlango taratibu, akaanza kufuta juu ya friji.