Chumvi ya Wagonjwa wa Presha

Mwalimu alikuwa amemuuguza mama mkwe wake mwaka mzima, huku akifundisha darasa lililofurika watoto. Mama mkwe, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa na presha, na figo zake zilishaanza kuchoka. Ili kumsaidia, mwalimu aliacha kupikia chumvi ya kawaida, akanunua ile inayouzwa kwa ajili ya wagonjwa wa presha. Kila asubuhi alimkamulia pia juisi ya machungwa.

Baada ya wiki chache, mama mkwe akaanza kulegea miguu. "Mwanangu, moyo unaruka mapigo," alisema, mkono kifuani.

Hospitalini, daktari alisoma kipimo cha moyo, kisha akauliza mgonjwa anakula nini. Mwalimu akamweleza.

"Chumvi hiyo imejaa potasiamu, na machungwa nayo yanayo," daktari alisema. "Figo zake haziwezi kuitoa. Ikizidi kwenye damu, inavuruga moyo."

Wakamtundikia dripu na kumpa dawa. Kufikia jioni, mapigo yalikuwa yametulia.

Mwalimu alikaa kando ya kitanda, macho mazito. "Mama, watu watasema nimekulisha sumu."

"Waache waseme. Mtu wa kuniua asingejichosha hivi. Sasa nitakula nini?"

"Viazi. Nitavichemsha, nimwage maji ili potasiamu itoke, nivichemshe tena. Bila chumvi yoyote."

"Afadhali ile sumu."

Mwalimu alicheka kidogo, akalaza kichwa ukingoni mwa godoro, na usingizi ukampitia pale pale.