Fundi Cherehani Kwenye Ripoti ya Asubuhi

Ripoti ya asubuhi katika idara ya dharura ilikuwa ikisomwa huku watu wakinywa chai, ndipo mama mmoja, fundi cherehani aliyekufa juzi, akaingia, akawaamkia, akakaa kwenye benchi karibu na dirisha. Sista mkuu akamsogezea kikombe. Marehemu huwa wanasikia kiu.

Fundi alimtazama daktari mwanagenzi, binti wa mwaka wa pili wa mafunzo, akamwambia, "Mwanangu, nyumbani nilifika. Nikafia jikoni."

Mwanagenzi alimshukuru kwa taarifa. Angejuaje? Mkuu wa idara, ambaye wauguzi walimwita Fagio kwa jinsi alivyopenda vitanda vitupu, alikuwa amepiga marufuku kufuatilia wagonjwa. Akishatoka mlangoni si wetu, ndivyo alivyosema. Basi wanagenzi walifanya mtihani usiosahihishwa, miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja akijiona hodari.

Fundi alikuwa ameletwa na maumivu ya taya na jasho jingi. Mwanagenzi alitaka apimwe moyo. Fagio akasema hiyo ni gesi, apewe kidonge cha kutafuna, aende zake.

"Mkuu," alisema mwanagenzi sasa, mbele ya wote, "mama huyu anaomba useme tu kwamba aliruhusiwa kwa amri yako."

"Hii ni ripoti ya wagonjwa," alijibu Fagio bila kuinua macho. "Marehemu waende ofisi ya malalamiko."

Mwanagenzi alichukia. Dawa ya moto ni moto, alijisemea, akainama kumnong'oneza fundi. Fundi akafikiri kidogo.

"Kweli, maumivu haya mimi sina kazi nayo tena," alisema. Akainuka, akampa Fagio mkono wa kwaheri, akarudi kwenye benchi akiwa mwepesi.

Kabla ya adhuhuri Fagio alikuwa amelala kitanda cha tatu, jasho likimtiririka, ameshika taya. Mwanagenzi akaja kumwona. Alijua ni moyo, na tiba yake aliijua, maana fundi alikuwa amemfundisha vizuri kuliko kitabu.

"Ni gesi, mzee," alisema polepole, akiyaonja maneno. "Tafuna hii, uende nyumbani."

Fagio akatafuna. "Safi," alisema. "Sasa unaanza kuielewa kazi." Akavaa viatu, akaondoka.

Kesho yake alifika kabla ya wote, marehemu, tai imenyooka, akakaa kwenye kiti chake. Utawala ulipoulizwa ulijibu kwamba nafasi haiwezi kutangazwa wakati mwenyewe yupo kazini. Na kwa kuwa sasa hali chakula wala halali usingizi, wakamwongezea zamu.

"Haya, kitanda cha kwanza nani?"

Mwanagenzi alisimama. Alisema ni mwalimu wa shule, mama wa watoto wawili, taya linamuuma tangu alfajiri, na ameshaagiza apimwe moyo.

"Futa," alisema Fagio. "Mruhusu."

Mwanagenzi alitafuta cha kumtisha nacho, akakosa. Kwenye benchi, fundi alijisogeza kidogo, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.