Kijiji cha Kulinganishia

Jamani, hesabu mimi naijua. Sikufika shahada ya uzamili ya uchumi wa mazingira kwa kubahatisha. Lakini Jumatatu ile, katika chumba nilichopanga pale Masasi, nilizitazama zile namba mpaka nikahisi zinanicheka.

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Mradi mmoja uliwapa wakulima wa Makote, kule Newala, dawa ya maji ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho. Ulitaka waachane na salfa ya unga, ambayo hupeperuka hovyo mpaka kwenye mboga na mizinga ya nyuki. Wakapewa kwa misimu miwili. Lisekese, huku Masasi, hawakupewa hata tone, ili kiwe kijiji cha kulinganishia. Mimi nipime tu: je, waliopewa wamevuna zaidi? Jibu likawa wamevuna sawasawa.

Msimamizi wangu, Dokta Magdalena, hana mzaha. Akanipigia simu.

"Yasinta, ama dawa haifai, ama wewe hujui kupima. Ijumaa nataka maelezo. Usipokuwa nayo, unarudia mwaka."

Nirudie mwaka! Nikawaza mvua, nikawaza udongo, nikawaza upepo. Upepo gani wa kubeba dawa kutoka Newala mpaka Masasi? Nikampigia Mujibu, kijana wa chuo aliyenisaidia kuhoji Makote. Kule sikuhoji mwenyewe kwa sababu mjomba wangu anaishi huko, na chuo hakitaki mtu amhoji ndugu yake. Kwenye fomu zake kila kaya ilikuwa na namba, bila jina.

"Mujibu, hukukosea kujaza?"

"Dada, usinivunjie heshima," akasema, akakata simu.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Lisekese. Nilimkuta Mama Oliva, mmoja wa wale niliowahoji, akipalilia mbaazi chini ya mikorosho yake.

"Shikamoo, Mama Oliva."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na yale maswali yako?"

"Moja tu. Mikorosho hii mlipulizia nini?"

"Dawa ya maji."

"Lakini Lisekese hamkupewa dawa!"

"Hatukupewa."

"Sasa mlipulizia nini?"

"Si nimekwambia? Dawa ya maji." Akaniangalia kwa huruma, akanivutia kigoda. "Wewe uliuliza kama mradi umetupa. Haukutupa. Aliyetuletea ni mdogo wangu Alfredi, aliyeoa Makote."

Nikamuuliza kwa nini Alfredi asipulizie kwake.

"Kwake wapi? Kule anaishi kwa mkewe. Mikorosho ya kule ni ya mkewe na ya wajomba wa mkewe. Ya kwao ni hii, ya mama yetu. Mcheza kwao hutunzwa, bwana! Na siyo yeye peke yake. Wanaume wa hapa waliooa kule ni wengi, na wote wameteremsha dawa yao huku."

Mungu wangu! Mradi uliandika watu mahali wanapolala, wala haukuuliza mikorosho yao iko wapi. Na mimi, niliyezaliwa hukuhuku, nilipita mlemle kwa sababu kitabu hakikuniambia. Nilijionea aibu. Kisha nikakumbuka kwamba mikorosho ya marehemu bibi iko Lisekese, na anayeitunza ni Mjomba Gasper, aliyeoa Makote.

Jumatano nikapanda mlima hadi Makote, Newala. Mjomba alikuwa barazani akitengeneza pampu yake ya kupulizia. Mama alipofariki ni yeye aliyenichukua, na kwetu mtoto ni wa mjomba, hilo halina mjadala. Nikamwamkia, nikakaa, nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, ile dawa ya mradi uliipeleka wapi?"

"Kwa bibi yako," akasema bila kusita.

"Yote?"

"Yote. Ningemwachia nani?"

"Mjomba, umeniharibia utafiti!"

"Utafiti upi?" Akaweka pampu chini. "Huu ninaokusomesha? Yasinta, ile mikorosho ilikuwa imekufa maua miaka mitatu. Ulipopata chuo, ulidhani ada inatoka wapi?"

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimekuja kupima kama dawa imefanya kazi, na kumbe kazi mojawapo ya dawa ni mimi. Hilo unaliweka kwenye jedwali gani? Nilichanganyikiwa kweli, nasema wazi.

Mke wake akatuletea chai. Mjomba hakuigusa.

"Usipoandika haya, unafeli?"

"Nafeli. Na watasema dawa haifai, mradi utafungwa, mtakosa wote."

"Na ukiandika?"

"Watajua dawa inafaa. Ila watajua pia kwamba wako walioihamisha. Wanaweza kupita nyumba kwa nyumba na kuwafuta kwenye mradi."

Niliona anawapitisha wenzake kichwani mmoja mmoja, Alfredi na wale wengine.

"Basi andika," akasema. "Andika Gasper, na jina la baba yangu weka, wasinikosee. Ila wenzangu usiwataje. Wao watoto wao bado wadogo, hawajafika huko chuoni. Mimi wangu umeshafika."

Machozi yalinitoka palepale, mbele ya mkewe. Nikajaribu kumweleza kwamba mtu mmoja hatoshi. Mikorosho ya mtu mmoja haiwezi kueleza mavuno ya kijiji kizima, na Dokta Magdalena hatakubali. Lazima niseme ni wangapi, na nikishasema wangapi, watatafutwa.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nikisoma kwa sauti darasa la pili.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani unasomea kutusaidia."