Mbegu Tatu za Thuwaini

Thuwaini, aliyekuwa mwaka wa tatu masomoni Amerika, alimtumia mkewe Shukriya, nyumbani Ibra, Oman, barua na kijaluba cha mbegu tatu. Si dhahabu, si kitambaa, mbegu! Shukriya alizimimina kwenye sinia, na papo hapo zikaanza kuruka zenyewe, tak, tak, kama bisi.

"A'udhu billahi!" Bi Mabruka, mama mkwe wake, akarudi nyuma. "Hizo zina mwenyewe. Kuna mwanamke huko kamfunga mwanangu."

Barua ilieleza kila kitu. Nondo mdogo wa Mexico hutaga yai kwenye ua la kichaka. Kiwavi huingia ndani ya mbegu, akaila yote, akabaki humo akijirusha. Baridi ikija hujifumia hariri, na mwezi wa tatu hutoka nondo. "Wakitoka wao, na mimi nitakuwa Ibra," aliandika Thuwaini.

Bi Mabruka hakutaka habari za viwavi. Alileta chetezo, akakiweka chini ya sinia, akafukiza ubani huku akisoma. Mbegu zikapandwa na wazimu. Makaa yalivyozidi kukolea ndivyo zilivyozidi kuruka.

"Umeona? Zinaikimbia Kurani!"

"Zinakimbia moto, Bimkubwa! Utawaua!" Shukriya akazinyakua, akazificha nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi.

Tangu siku ile hakutulia. Kila mara alikwenda kuzisikiliza. Ziliponyamaza mwezi wa kumi na mbili alishindwa kula, ingawa alijua ndani mle kiwavi ameshakuwa buu. Bi Mabruka alimtazama tu.

Mwezi wa tatu mbegu moja ikafunguka kijimlango cha duara, akatoka nondo wa kijivu, mdogo kuliko ukucha. Kesho yake akatoka wa pili. Ya tatu haikufunguka. Shukriya akapaka hina, akafua mapazia, akawa haketi. Siku ya tano nondo wote wawili walikuwa wamekufa dirishani, na barua ikaja: Thuwaini ameongeza miaka miwili.

Shukriya alilia kwa hasira, si kwa huzuni.

Bi Mabruka alitaka asomewe tena barua ile. Kisha akalishusha sanduku la Shukriya, akaanza kumkunjia nguo.

"Unanifukuza, Bimkubwa?"

"Nakurudisha kwenu Sur, leo hii. Mimi nilikaa kule Pemba miaka tisa nikimngoja baba yake Thuwaini, na hapana hata mmoja aliyeniambia inuka." Akaufunga mfuniko. "Inuka, mwanangu."