Kamwambie Mvushaji

Tramu ilisimama kabla ya Daraja la Kati na dereva akafungua milango yote.

"Polisi wamefunga daraja," alitangaza. "Mtu kasahau mkoba wake pale juu. Mwenye miguu azunguke, mwenye mabawa aruke."

Ruedi Bürgin hakucheka. Ng'ambo ya mto Rhine, kwenye kilima cha kanisa kuu, binti yake Seline alikuwa anaolewa saa tano, na yeye Ruedi ndiye shahidi. Kwenye kipaimara cha Seline alichelewa. Kwenye mahafali yake alichelewa. Kila mara sababu ilikuwa tramu. Jana kwenye simu alipoapa kwamba safari hii atawahi, Seline alimjibu kama watu wa jiji la Basel wanavyomjibu mtu wasiyemwamini: "Kamwambie mvushaji, baba." Kisha akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma: "Usipofika, Beat atasaini." Beat ni baba wa kambo.

Ruedi akateremka gatini, kwenye mashua ya kuvushia watu, akichechemea. Mvushaji, mwanamke mpana aitwaye Regula, alikuwa ameshatundika kibao cha kufunga.

"Maji yamepanda, mzee. Sichukui abiria. Naivusha mashua ikalale ng'ambo, basi."

"Nivushe nayo. Binti yangu anaolewa sasa hivi, mimi ndiye shahidi."

"Wote huniambia hivyo. Juzi mmoja kaniambia mkewe anajifungua. Jioni nikamkuta baa."

"Tazama suti yangu, dada."

Regula aliitazama. Lebo ya dukani ilikuwa ingali inaning'inia kwenye mkono wa koti. "Panda. Kaa katikati, na usinisaidie kitu."

Mashua haina injini. Imefungwa kwenye waya uliotandwa juu ya mto, na mkondo ndio huisukuma. Leo mkondo ulikuwa wa matope na ulinguruma. Walipofika katikati Ruedi aliliona gogo, mti mzima na mizizi yake, likiwajia ubavuni.

"Dada!"

"Nimeliona. Nyamaza."

Akaupindua usukani. Mashua ikasita, ikasimama, na waya ukalia juu yao. Hapo hapo kengele za kanisa zikaanza kugonga saa tano.

"Songa mbele, tutaliwahi!"

"Kila siku unawahi hivyo hivyo?"

Ruedi akashika ubao kwa mikono miwili. Mizizi ilikwangua pua ya mashua, ikammwagia maji mpaka kifuani, ikaenda zake. Ndipo Regula akaurudisha usukani.

Ngazi za ng'ambo alizipanda akijishikiza ukutani. Katika ofisi ya msajili wa ndoa, Beat alikuwa ameshainama juu ya meza, kalamu mkononi.

"Tramu?" aliuliza Seline.

"Tramu. Na polisi. Na gogo."

"Kamwambie mvushaji."

"Nimeshamwambia."

Seline aliangalia suti inayochuruzika, na ile lebo iliyolowa. Beat akanyanyuka, akaiweka kalamu chini, na Seline akaisukuma kwa baba yake.

"Kausha mkono kwanza," alisema. "Usije ukaniharibia cheti."